Mnyang'anyi wa Mzee Kipaza

Kwanza lieleweke kwamba macho ya Mzee Kipaza hayakuwa na tatizo lolote. Aliweza kukaa sebuleni, akamwona sisimizi kwenye ukuta wa jikoni, na akamwambia mkewe ni kopo gani la sukari lililoachwa wazi. Karatasi iliyokuwa mbele yake aliiona. Maandishi yake, yaliyochapwa makubwa makubwa kwa heshima ya umri wake, aliyaona. Shida ilikuwa moja tu: hakuyahitaji.

"Tusimame hapo kidogo, baba," Mama Pacha alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosa.

Ng'ambo ya kioo, katika chumba kidogo kilichozibwa magodoro ukutani na darini, baba mkwe wake aliinua uso. Jasho lilikuwa linamtiririka. Feni ilizimwa kila wanaporekodi, maana mashine ilinasa hata mzunguko wake.

"Tusimame kwa nini tena, mwanangu?"

"Umesema 'kijana.' Huyu tajiri aliyekuja mbio akapiga magoti. Hapa hawajaandika kwamba ni kijana."

"Ni kijana."

"Hapa hawakuandika, baba. Ujana wake umetajwa kwenye injili ya kwanza. Hii ni ya pili."

"Mwanangu, huyo kijana namfahamu tangu wewe hujazaliwa."

Fundi sauti, ambaye kila mtu alimwita Kimya kwa kuwa hilo ndilo neno alilolipigia kelele siku nzima, alilaza paji la uso juu ya meza ya mitambo, akabaki hivyo.

"Tuanze tena pale alipokuja mbio," Mama Pacha alisema.

"Anakuja mbio tangu asubuhi huyu," Kimya alijibu bila kuinua kichwa. "Tajiri gani hachoki?"

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Chama cha wasioona kilitaka injili moja isomwe yote, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, ili wanachama waisikilize kwenye simu zao. Wakachagua ile fupi kuliko zote nne, kwa sababu fungu lao la fedha lilitosha fupi tu. Kimya alikuwa na chumba na mashine. Kwa jirani kulikuwa na mchomeleaji vyuma, na makubaliano naye yalikuwa kwamba Kimya akitundika kitambaa chekundu dirishani, cheche zinasimama. Kikitolewa, aendelee kuchomelea hadi uziwi umpate. Mama Pacha alikuwa mfuatiliaji: anakaa na maandishi na penseli, hedifoni masikioni, anafuata neno kwa neno kwa kidole. Neno likiongezeka au likipungua, anainua mkono.

Siku hizo mkono wake ulikuwa unauma begani.

Kazi hiyo aliipata kwa sababu ya darasa la jioni. Alilisoma akiwa na mimba ya mapacha, ameketi nyuma karibu na mlango, miguu imevimba hadi viatu vikabaki chini ya dawati. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa historia, na katika historia alipenda yale maswali ambayo mwalimu wa jioni aliwazoesha kumwuliza kila mwandishi wa zamani: wewe uliona, au uliambiwa? Uliambiwa na nani? Na ulisubiri muda gani kabla ya kuandika?

Msomaji naye aliletwa na yeye mwenyewe. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Mzee Kipaza alipewa jina lake na mtaa, kwa kuwa katika miaka yote ya uinjilisti hakuna aliyemwona ameshika kipaza sauti. Alikuwa anasimama, anakohoa, na waliokaa nyuma kabisa wanajikuta wamenyooka. Alipostaafu, ile sauti ilirudi nyumbani nzima nzima ikakosa pa kwenda. Ikakagua chumvi ya mboga. Ikabishana na redio. Ikawahubiria mapacha juu ya uvivu, nao hawajaota hata jino. Halafu, taratibu, ikaanza kupungua, na hilo likawa baya zaidi. Akawa anashinda kwenye kochi na kofia yake mapajani, kama abiria ambaye gari limemwacha. Mama mkwe akasema, "Huyu mzee ananizimikia hivi hivi namwona."

Tangu aanze kusoma, alikuwa anaamka kabla ya watu, anapiga pasi shati, anasukutua koo kwa maji ya chumvi, anatoka nyumbani kama mtu anayesubiriwa. Mama Pacha alikuwa tayari kung'olewa jino la mbele kuliko kumwona akirudishwa kwenye lile kochi.

Basi ndiyo maana alivumilia. Alivumilia kondoo walioongezeka, upepo uliotoka injili nyingine, na mitume waliosema mambo ambayo katika kurasa hizi hawakuyasema. Lakini katibu wa chama hakuvumilia.

Alikuja mwenyewe, mwanamke wa makamo, fimbo nyeupe mkono mmoja na mkoba mkubwa mkono wa pili. Mzee Kipaza alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Katibu aliketi, akatoa kwenye mkoba kitabu kinene cha maandishi ya nukta, akakifungua mapajani.

"Niwekee ile ya watu wa kijijini kwa Bwana," alimwambia Kimya.

Kimya akaweka. Sauti ya mzee ikajaa chumbani. Vidole vya katibu vikatembea, vikatembea, vikasita.

"Hapa. Mimi vidoleni nina watu wanaomwita yeye seremala. Masikioni nina watu wanaomwita mwana wa seremala. Yupi ni yupi?"

"Hilo lilinipita," Mama Pacha alisema, uso ukimchoma. "Watoto hawakulala usiku. Ya vidoleni ndiyo sahihi. Ya masikioni ni ya injili ya kwanza."

"Na sura ya nyuma yake kuna jingine, na nyuma yake tena. Sikiliza, mama. Sauti ya huyu mzee naipenda. Nikimsikia natamani kutubu hata ambayo sijafanya. Lakini huyu anatusimulia. Hatusomei." Akafunga kitabu. "Mimi nimesomewa maisha yangu yote. Dada yangu akinisomea gazeti anaruka ajali. Nikimwuliza mbona umenyamaza, ananiambia eti anakohoa. Msichana wa dukani akinisomea tarehe kwenye maziwa, ananichagulia. Kila mtu ananipa kile anachoona kitanifaa. Nimechoka na watu wenye huruma, unanielewa? Nataka kilichoandikwa kinifikie, hata kama ni kibaya."

"Nakuelewa, dada."

"Nitasikiliza sura ya kusulubiwa. Ikiongezwa hata neno moja, tunamchukua yule kijana mwingine."

"Kijana gani?" Kimya akauliza.

"Anayesoma tangazo la dawa ya meno redioni."

Mama Pacha aliyapeleka maneno hayo nyumbani jinsi mtu anavyobeba sufuria ya moto, akitafuta pa kuitua. Alisubiri jioni, wakati wa kuogesha. Yeye alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni na pacha mmoja, baba mkwe ameketi kwenye kigoda na wa pili, amemfunga taulo kama mkate.

"Dawa ya meno?" Mzee Kipaza alisema. "Mimi na dawa ya meno?"

"Hawataki kukutoa, baba. Wanataka usome."

"Ninasoma!"

"Unasema unachokijua, halafu unafungua ukurasa." Alimwagia mtoto maji kifuani kwa kiganja, akajipa moyo. "Unajua hilo ni kosa la watu wa zamani? Kabla ya mashine, injili zilinakiliwa kwa mkono. Sasa mtu anainakili hii fupi, lakini kichwani anazo zile tatu. Akifika panapofanana, mkono unaandika anachokijua badala ya anachokiona. Kuna nakala ya zamani sana, hapo hapo kwa seremala, ambayo imeandika kama ulivyosema wewe."

Uso wa mzee ukachangamka. "Kwa hiyo nina wenzangu."

"Unao."

"Wa zamani sana."

"Sana."

"Basi si kosa."

Mama Pacha alifumba macho. Aliyafumbua, akamgeuza mtoto, akamsugua mgongo.

"Baba, wataalamu wengi wanasema hii fupi ndiyo iliyotangulia kuandikwa. Wale wawili wanaofanana nayo walikuwa nayo mbele yao walipoandika zao. Kwa hiyo tukiichanganya na nyingine, tunaipoteza ile sauti ya kwanza."

"Hao wataalamu walikuwepo?"

"Hawakuwepo."

"Basi."

"Hata mwandishi mwenyewe huenda hakuwepo, baba."

Mzee alimtazama kama aliyeambiwa kwamba nyumba yake imejengwa barabarani. "Rudia."

"Wazee wa kanisa la mwanzo walisema alikuwa mkalimani wa yule mtume aliyekuwa mvuvi. Mtume anahubiri, yeye anakumbuka, baadaye anaandika anayoyakumbuka, tena si kwa mpangilio. Na wapo wanaosema hata hilo halina uhakika, kwamba jina liliwekwa juu baadaye. Ilikuwa imepita miaka kama arobaini."

"Miaka arobaini ni kitu gani? Mimi naweza kukwambia mama yako mkwe alivaa nini siku nilipomwona mara ya kwanza. Gauni la bluu."

"Kijani!" sauti ilitoka jikoni. "Na halikuwa gauni, ilikuwa sketi ya kuazima!"

"Unaona?" Mama Pacha alisema.

"Naona nini? Anakumbuka vibaya yeye."

Hata hivyo, la dawa ya meno lilimwingia. Siku zilizofuata Mzee Kipaza alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kidole kilikuwa kwenye karatasi. Tajiri alikuja mbio, akapiga magoti, na hakuwa na umri wowote. Mahali penye maneno machache, aliyaacha machache, ingawa shavu lilimcheza. Kimya alianza kupiga mluzi wakati wa mapumziko. Mama Pacha aliona bega limepona, akaanza kuamini, na hapo ndipo wakafika kwenye sura ya kusulubiwa.

Alisoma vizuri kupita siku zote. Aliipunguza ile sauti kubwa hadi ikawa karibu ya mtu anayeongea na wewe peke yako. Askari, mavazi, kura, wapita njia wakitikisa vichwa. Kidole cha Mama Pacha kilikwenda naye bega kwa bega. Wakafika kwa wale wanyang'anyi wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Katika injili hii fupi hao wamepewa nafasi ndogo sana: nao pia wanamtukana. Wote wawili. Kisha giza linaingia.

Mzee Kipaza hakuingiza giza. Alivuta pumzi, na mnyang'anyi mmoja akageuka. Akamkaripia mwenzake. Akasema sisi tunastahili, huyu hana kosa. Akaomba akumbukwe. Akajibiwa, na sauti ya mzee katika kutoa lile jibu la peponi ilitetemeka kidogo tu, ukingoni, kama kikombe kwenye kisahani.

Mkono wa Mama Pacha ulibaki mezani. Alipomtazama Kimya, alimkuta anajifuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Dada," Kimya alinong'ona, "hiyo ipo?"

"Haipo."

"Hata kidogo?"

"Hapa wote wawili wanatukana, basi."

"Mwambie wewe. Mimi simwambii."

Mama Pacha alibonyeza kitufe. "Baba, samahani. Hapo umeingia injili ya tatu."

"Najua ni ya tatu," Mzee Kipaza alijibu. "Unadhani sijui? Hapo sikukosea. Nimeiweka."

Alivua hedifoni, akafungua mlango mzito wa magodoro, akaja kusimama mbele yao. Shati lake la pasi lilikuwa limelowa mgongoni.

"Miaka yangu yote, Jumamosi, nilikuwa naingia gerezani," alisema. "Si kwa wale wa miezi sita. Kwa wale ambao hawatoki. Niliwapelekea mfano wa mpanzi, wakanicheka: mzee, humu tutapanda wapi? Niliwapelekea kondoo, wakaniuliza yuko wapi tumle. Walichotaka ni mnyang'anyi. Ndiye waliyemwelewa. Kuna mmoja alinishika mkono kwenye nondo akaniambia, mzee, hapo, rudia. Nikarudia. Rudia tena. Nilirudia mpaka askari akanitoa. Wiki iliyofuata kitanda chake kilikuwa kitupu." Akamgeukia Mama Pacha. "Sasa wewe unataka nikae mbele ya mashine niseme wote wawili walitukana, nukta, twende mbele?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, baba."

"Hicho ndicho kinachonikera! Wewe ndiye uliyeniambia huyu ndiye wa kwanza. Wa karibu zaidi. Haya, niambie. Kama wa karibu hakumsikia mnyang'anyi akiomba, yule wa mbali alimsikia wapi?"

Mama Pacha alitafuta lile darasa, kiti cha nyuma, ubao, sauti ya mwalimu. Vyote vilikuwepo. Jibu moja halikuwepo.

"Sijui, baba."

"Hujui?"

"Hakuna anayejua. Yule wa tatu anasema mwenyewe kwamba aliulizia kwa walioona. Huenda alimpata mtu ambaye huyu wetu hakumpata. Au huenda habari hiyo ilikua baadaye kwa sababu watu waliihitaji. Mwalimu alisema, mtu asipotaja jambo, si sawa na kusema halikutokea. Lakini wala si ushahidi kwamba lilitokea."

"Umesoma jioni miaka miwili," Mzee Kipaza alisema polepole. "Nimekubebea mapacha wakilia mpaka mgongo ukaniuma. Na ulichokuja nacho ni 'sijui'?"

"Ndiyo, baba. Na ndicho kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote."

"Basi kiache kilivyo. Kwani huyo katibu ataona?"

Kimya alishika kikohozi kikamponyoka. Kwa jirani ilisikika nyundo ya mchomeleaji vyuma ikigonga bapa la chuma, na kitu fulani ndani ya Mama Pacha, kilichokuwa kimekunjwa vizuri na kuwekewa heshima juu yake tangu siku aliyoolewa, kikakunjuka chenyewe.

"Hiyo ndiyo sababu!" alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa. "Kwa kuwa haoni, sisi ndio tumwamulie asikie nini! Baba, wewe huwasomei wale watu. Unawahurumia. Dada yake anamrukia ajali, wewe unamwongezea la peponi. Tofauti iko wapi? Kila mtu anamtengenezea dunia yake, na yeye ametuomba kitu kimoja, kimoja tu, kilichoandikwa kimfikie!"

Hakuwahi kumpandishia baba mkwe sauti. Hata chumvi ikizidi, hata alipowapa mapacha chai. Alijiziba mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalikuwa yameshatoka na hayakuwa na pa kurudi.

Mzee Kipaza alichukua kofia yake juu ya msumari, akatoka.

"Nimpigie dawa ya meno?" Kimya aliuliza baada ya muda.

"Subiri."

"Nisubiri nini?"

"Sijui! Mbona leo kila mtu ananiuliza mimi?"

Alimkuta nje, upande wa karakana, ameketi juu ya fremu ya dirisha iliyolazwa juu ya matofali. Mchomeleaji alikuwa ameinua barakoa yake ya chuma na kujitenga kando, kama watu wanavyojitenga wanapohisi kuna jambo la familia. Mama Pacha alisimama karibu, hakukaa.

"Baba, nisamehe. Nimevuka."

Hakumjibu hilo. "Yule aliyenishika mkono hakujua kusoma," alisema.

Mama Pacha alisogea hatua moja.

"Hakuwa na mtu wa kumwuliza kama nimeongeza chumvi. Alikuwa na mdomo wangu tu. Nami sikumwongezea. Ile ipo."

"Ipo, baba. Katika ya tatu ipo."

"Na katika hii haipo."

"Haipo."

"Kwa hiyo ningekuwa gerezani na hii moja tu mkononi, ningekosa la kumwambia."

"Ungemsomea iliyopo."

Mzee alitikisa kichwa muda mrefu. "Inaudhi," alisema.

"Inaudhi, baba."

"Na wewe unaudhi."

"Najua."

"Ulipoletwa nyumbani ulikuwa hata salamu unatoa chini chini. Nikamwambia mama yako mkwe, huyu mtoto ataonewa." Alijiinua kwa kushika goti, akavaa kofia, akaivua tena kwa kuwa alikuwa anarudi ndani. "Haya. Mwambie huyo bwana azime feni."

Kitambaa chekundu kilitundikwa. Mzee Kipaza aliketi, akaweka kidole kwenye mstari, akausoma. Wanyang'anyi wawili, wote wawili, matusi. Ulipofika mwisho, cheche zikalia kwa jirani: upepo ulikuwa umekipeperusha kitambaa.

"Tunarudia," alisema Kimya, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Mzee alirudia. Safari hii, katikati ya mstari, simu iliimba kwa nguvu wimbo wa harusi. Wote watatu walitazamana. Ilikuwa simu ya Kimya.

"Wewe ndiye Kimya?" Mzee Kipaza aliuliza kupitia kioo. "Wewe? Mnataka hawa watu watukane mara ngapi?"

"Mara moja tu, mzee wangu. Naapa."

Mara ya tatu chumba kilitulia hadi Mama Pacha akasikia damu masikioni mwake. Mzee hakuipamba sauti wala hakuikausha kwa hasira. Aliyapeleka maneno machache yalivyo. Baada yake alinyamaza, kidogo kuliko pumzi mbili, kisha akaingiza giza na kuendelea hadi mwisho wa sura bila kukwama popote.

Kidole cha Mama Pacha kilifika chini ya ukurasa. Penseli haikuwa imeandika kitu.

Siku chache baadaye katibu alikuja kusikiliza. Safari hii Mzee Kipaza hakwenda kunywa chai. Alikaa pembeni, kofia mapajani, akaitazama mikono ya yule mwanamke ikipita juu ya nukta. Ilipofika kwa wanyang'anyi ilipunguza mwendo. Mama Pacha aliona vidole vinasubiri, kama navyo vilikuwa vimemzoea yule anayegeuka. Hakugeuka. Vidole vikashuka mstari mwingine.

Sura ilipokwisha, katibu alifunga kitabu. "Mzee yupo humu ndani?"

"Nipo, mama," alijibu Mzee Kipaza.

"Nilijua upo. Unapumua kwa nguvu." Alikitia kitabu kwenye mkoba. "Ile sehemu ya wanyang'anyi nilitegemea utaniongezea. Nilikuwa nimejiandaa kugomba."

"Nilitaka kuiongeza."

"Nimesikia ulivyotaka. Palikuwa na ukimya pale." Alisimama, akatafuta fimbo yake. "Lakini umesoma. Malizeni sura iliyobaki. Na mnisomee mimi zote kabla ya wengine, bado siwaamini."

Mzee Kipaza alimsindikiza hadi barabarani, akarudi amenyooka kama mlingoti, akamwambia Kimya kwamba mashine zake zina vumbi.

Jioni walitembea pamoja kurudi nyumbani. Mama Pacha alikuwa na haraka, maziwa yamejaa na mapacha wanamsubiri, lakini baba mkwe alitembea mwendo wa mtu mwenye jambo.

"Nimeangalia kurasa za mbele," alisema.

"Vizuri, baba."

"Imebaki sura moja. Wanawake wanakwenda kaburini."

"Ndiyo."

"Wanaambiwa amefufuka. Wanakimbia, wanaogopa, hawamwambii mtu." Alisimama katikati ya njia, mtu mwenye baiskeli akalazimika kumzunguka. "Halafu chini yake pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba nakala za zamani zaidi zinaishia hapo. Mwanangu. Niambie hilo ni kosa la mchapaji."

Mama Pacha alitazama mbele, kwenye kona ya nyumba yao, ambako mama mkwe alikuwa ameshatoka nje na mtoto mmoja begani na mwingine mgongoni, anawapungia waharakishe.

"Twende kwanza ninyonyeshe, baba," alisema. "Hilo tutagombana kesho."

"Tutagombana," Mzee Kipaza alisema, akakaza mwendo. "Na uje umelala vizuri."